Mwaka Tulipoiweka Sakafu Eda

Mwanahawa binti Seif alizikwa Manzese siku ya Ijumaa baada ya sala, na mie nilicheka kwenye msiba wake. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu wapo walioniona, na maneno yamekwisha fika mpaka Bunju kwa wajukuu zangu, kwamba bibi yenu akili imeanza kumwacha. Akili ninayo. Tulikuwa tumeketi ndani sie wanawake, mikeka imejaa hadi ukumbini, jeneza linataka kutoka, mara kijana mmoja mrefu kajitupa mlangoni, kalala chali, kasema huyu bibi haendi popote mpaka Wazaramo wamwonyeshe nani atakayempikia bada ya unga wa muhogo kama yake, maana alimzoesha tangu mdogo na sasa tumbo lake la Kinyamwezi halikubali chakula kingine. Wakamvuta miguu, akang'ang'ania nguzo ya mlango. Wakampa kanga ya marehemu, akajifunga kiunoni, akaanza kulia kwa sauti nyembamba kama mjane, ndipo akapisha. Watani wetu wana haki hiyo tangu zamani. Nikamuuliza Sikudhani, mjukuu wa Mwanahawa, aliyekuwa kaniegemea bega, "Huyu ni wa nani?" Akasema, "Huyo Petro, bibi, mjukuu wa yule Fundi Masanja mliyekuwa mkimsema." Basi hapo ndipo kicheko kiliponitoka, na machozi yakatoka humo humo, wala sikuyatenganisha.

Mkono wangu wakati ule ulikuwa sakafuni, pembeni mwa mkeka. Ni tabia yangu ya ujana: nikikaa mahali, kiganja kinatambaa chenyewe. Sakafu ya chumba kile aliimwaga Mwanahawa mwenyewe, naijua kama ninavyoijua sauti yake, laini, baridi, haina hata kijiwe kilichochomoza. Lakini pale kizingitini nikagusa ufa mwembamba kama unywele. Nikausogezea mkeka juu, nikaufunika, kama mtu anayemfunika mwenzake goti. Na mwaka ule wote ukanirudia.

Waingereza walikuwa bado wapo, na Temeke ilikuwa bado na mashamba katikati ya nyumba. Mie nilikuwa na umri wa msichana aliyeanza kujipaka wanja bila kuomba ruhusa. Jinsi nilivyofika kwa shangazi yangu Bi Tatu si habari ya hapa. Nilifika, nikapewa kumbi la nazi na debe la majivu, nikaambiwa piga magoti, sugua. Bi Tatu alikuwa akichukua kazi za kusafisha sakafu za watu: baraza za maduka, zahanati moja, na kubwa kuliko zote, ghala la mbata la Bwana Karsan kando ya barabara ya Kilwa. Makubaliano yalikuwa ya mdomo tu, na mdomo wa Bi Tatu ulitosha. Tulikuwa wanne. Bi Tatu mwenyewe, mnene, mwepesi wa miguu, mwenye pini ya dhahabu puani. Mama Agnes, Mluguru kutoka milimani, rozari shingoni, aliyekuwa akisugua kwa nyimbo za kanisani mpaka fagio likaenda sawa na wimbo. Mwanahawa, rika langu, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliye ng'ambo ya mto. Na mie Mwajuma.

Chumba chetu kilikuwa cha mbele mkono wa kushoto, kwenye nyumba ya vyumba sita iliyoezekwa makuti. Kitanda cha kamba kilikuwa cha Bi Tatu, mie na Mwanahawa tulilala mkekani juu ya udongo uliokandikwa. Kuta hazikufika juu. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anakwambia pole. Nyuma ya ukuta wetu alipanga Fundi Masanja, mwashi, Mnyamwezi wa Tabora, mtu mrefu mwenye kofia ya sufi hata juani. Kila alfajiri Bi Tatu alipokuwa akichochea moto wa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, alikuwa akimwambia kwa juu ya ukuta, "Mpagazi, amka, mizigo ya watu inakungoja!" Na yeye hujibu, "Bibi, ngoma imeishia saa ngapi? Nasikia Mzaramo hata kuku wake akifa anacheza siku saba." Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo na marahaba yao. Siku asipotukanwa, Fundi Masanja alikuwa akija kuuliza kama mtu anaumwa.

Sasa ghala lile. Mbata ni nazi iliyokaushwa, ina mafuta, na mafuta yake huingia kwenye sakafu kama maji kwenye sifongo. Bwana Karsan alikuwa na sakafu ya simenti ya kujivunia, lakini mikokoteni yenye magurudumu ya chuma ilikuwa imeichimba, na pale katikati palikuwa na mashimo ya kutosha kumlaza mbuzi. Sie ndio tuliyajua kuliko mtu yeyote. Anayefagia ndiye wa kwanza kuuona ufa, kwa sababu vumbi halitoki humo. Lakini kuona ni kazi ya bure, hakuna aliyetuuliza. Mpaka asubuhi moja Bwana Karsan alipoingia na mwavuli wake mweusi, akauchomeka ndani ya shimo, ukasimama wenyewe.

"Bi Tatu," akasema kwa upole wake ule wa siku zote, "jana mkokoteni umevunja gurudumu hapa. Mjini wako watu wanaofagia na kuziba, watu hao hao. Mie sina neno na nyinyi, mnafagia vizuri mno. Lakini mzigo mpya kutoka Mafia ukiingia nataka sakafu nzima. Na nikimleta mtu anayefanya yote mawili, nyinyi nitawaweka wapi?"

Bi Tatu alikuwa kainama na fagio la chelewa. Hata hakunyooka sawasawa. "Nani kakwambia sie hatuzibi?"

Mama Agnes akapaliwa, akakohoa.

"Mnaziba?"

"Tunaziba, Bwana Karsan. Hukuuliza tu."

Yule bwana akang'oa mwavuli wake, akatutazama mmoja mmoja, akasema haya, simenti atatoa yeye, na tuwe tumemaliza kabla ya mzigo. Akatoka. Mwanahawa akaniminya mkono mpaka nikaumia.

Jioni tulikula bada na mchuzi wa papa, na nakumbuka hakuna aliyesifu mchuzi. Mama Agnes alikuwa kaja kula kwetu, jambo ambalo hakulifanya ila kuna mashauri. Alimega tonge, akaliviringa muda mrefu. "Dada Tatu," akasema, "simenti umeishika lini?"

"Nimeiona."

"Hata mwezi nauona."

Mwanahawa akacheka, Bi Tatu akamtazama. Ndipo Bi Tatu akasema, kwa sauti ya chini ambayo mie sikuijua kuwa anayo, kwamba simenti kweli hajaigusa, lakini Bagamoyo alikokulia walikuwa wakipiga dari na sakafu za nyumba za mawe, yeye na wasichana wenzake, kwa chokaa na kokoto. Kila mmoja na kipande chake, yaani gongo la mbao lenye kichwa bapa. Mnapiga kutwa, mnaimba, mnanyunyiza maji, kesho tena, kesho kutwa tena, mpaka chokaa inaingiliana inakuwa jiwe moja. "Simenti na chokaa ni ndugu," akasema. "Zote unga, zote zinataka maji. Tutaipiga, itasikia." Kisha akaongeza, kama anayesema na sahani, "Kazi ile ikiondoka, mnajua."

Tulijua. Ghala lile ndilo lililokuwa likilipia chumba. Likiondoka, Bi Tatu anarudi Bagamoyo kwa kaka yake ambaye walikuwa hawasalimiani hata Idi. Mwanahawa anaolewa na yule muuza mafuta ya taa mwenye wake wawili, aliyekwisha leta posa na kuambiwa subiri. Na mie narudi Kisarawe kufukuza nguruwe kwenye mihogo ya watu. Nyuma ya ukuta Fundi Masanja akakohoa. "Ukuta una kifua leo," akasema Mwanahawa, na hapo sote tukacheka, hata Bi Tatu. Angeweza kumwita mwashi yule palepale, hatua moja tu. Lakini amwite vipi? Kumwomba mtani wako msaada bila ya yeye kukuona umeanguka ni kumpa fimbo ya kukuchapia mwaka mzima.

Siku ya kwanza tuliosha. Hapo hatukuhitaji mwalimu wa kutufundisha, tuliosha mashimo yale kama vyombo vya harusi. Mama Agnes alisema mafuta yale hayatoki kwa maji, akaleta magadi, tukachanganya na majivu na maji ya moto, tukasugua kwa makumbi mpaka kucha zikawa nyeupe. Tukabomoa kingo zilizolegea kwa tindo la kuazima. Tukasuuza, tukasugua tena, mpaka Mwanahawa akapeleka pua ndani ya shimo na kusema, "Naapa, hata nazi yenyewe haitajua iliwahi kulala hapa." Kisha tukachanganya simenti na mchanga na kokoto, tukajaza, na Bi Tatu akatugawia vipande alivyovichongesha kwa seremala. Tukaanza kupiga. Ee, palikuwa na raha! Mwanahawa akaanzisha wimbo wa Bagamoyo aliofundishwa asubuhi ile ile:

"Nyumba ya bwana ina nini?"

"Ina tundu!"

"Tundu kaliziba nani?"

"Nimeziba mie!"

Na kila "mie" vipande vinashuka pamoja, pu! Wachukuzi wakaja kutazama mlangoni. Bwana Karsan akapita na mwavuli, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hajapata kuona mafundi wenye furaha kama hawa. Jua lilipopinda simenti ikaanza kukaza, nasi tukazidisha, maana Bi Tatu alisema hapo ndipo chokaa inapotaka bakora. Kesho yake tukaja tena mapema, tukanyunyiza, tukapiga, tukaimba mpaka sauti zikakauka.

Siku ya tatu Bi Tatu aliinua kipande, akapiga, na sakafu ikamrukia usoni. Punje tupu. Akapiga pengine, punje. Akainama akachota kwa mkono, na ile simenti ikamwagika katikati ya vidole kama makoko ya wali yaliyokwangwa sufuriani. Hakuna shimo hata moja lililoshika. Alikaa chini palepale, miguu mbele kama mtoto, na kipande mapajani. Mama Agnes alifanya ishara ya msalaba. Mwanahawa alichota punje, akazimwaga, akachota tena. Mie nilikuwa nikiwaona nguruwe, Mungu shahidi, nawaona na meno yao.

Tukasikia mtu analia barabarani. Analia kwelikweli, kwa maombolezo. Mlango ukafunikwa na mtu mrefu kajifunga kanga kiunoni, kanga nyekundu ya Bi Tatu aliyokuwa kaianika uani, na kofia ya sufi kichwani. "Uwii! Mmeniulia! Ndugu yangu simenti, kafa bado mchanga! Kafa na ngoma masikioni!" Fundi Masanja akajitupa juu ya lile shimo kubwa, akachota punje, akajimwagia kichwani. "Kauawa na Wazaramo! Mtoto mchanga kazaliwa jana, hajapata hata usingizi, wanamchapa kwa magongo na kumwimbia!"

"Toka, mpagazi," akasema Bi Tatu, lakini bila nguvu.

"Sitoki. Mimi ndiye wa kuzika. Nani kamwosha marehemu?" Akapitisha kidole kwenye kingo za shimo, akanusa, akalamba, akaacha kulia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akasema neno bila mzaha. "Nani kaosha hapa?"

"Sote," nikasema mie.

"Mashimo haya niliyaziba mimi mwaka juzi. Nikaziba vizuri, kwa mwiko wangu huu. Mwezi haukupita, viraka vikanyanyuka vizima vizima, kama sahani. Nikasema nimerogwa."

Bi Tatu akainua kichwa. "Hukurogwa. Ulimzika bila kumwosha. Palikuwa na mafuta."

Wakatazamana. Kisha Fundi akaanza kucheka, na Bi Tatu naye, tumbo linamtikisika na pini ya pua inameta, na sie tukafuata. Mama Agnes alicheka mpaka akajifuta macho kwa rozari.

"Ulitusikia siku ile nyuma ya ukuta," akasema Bi Tatu akishapata pumzi. "Kila neno. Mbona hukusema?"

"Mtani haingii kabla ya msiba, bibi. Nilisema niache mfiwe kwanza."

Akavua kanga, akatukalisha, akatufundisha. Chokaa, alisema, ni kama mwali, inataka kuchezwa, kuimbiwa, kupigwapigwa, ndiyo inakomaa. Simenti si mwali. Simenti ni mjane. Ukishaiweka, iweke eda. Ifunike, isipigwe jua, isikanyagwe, isipigiwe kelele, mpelekee maji asubuhi na jioni uondoke. Inakomaa kwa kuachwa. Akasema kazi ya eda hii itakuwa ya Bi Tatu mwenyewe, na ndiyo faini yake ya kumuua ndugu yake: akae mlangoni, asiimbe hata ubeti mmoja mpaka sakafu itoke.

Tukaanza upya. Tukazoa punje zote, tukaosha tena, tukailowesha. Fundi akatuonyesha jinsi ya kupaka kwanza uji mzito wa simenti kwenye kingo ndipo ujaze, jinsi ya kusawazisha kwa ubao, na jinsi ya kupitisha mwiko mara ya mwisho na kuuinua mkono. Huko kuinua mkono ndiko kulikokuwa kugumu. Mkono wa Bi Tatu ulikuwa ukirudi wenyewe. "Bibi, mwache!" "Nampapasa tu." "Mwache!" Tukafunika magunia mabichi. Na Bi Tatu akakaa mlangoni kwenye kigoda, kipande mapajani, midomo kaibana, na kila apitaye anamwuliza kama anaumwa jino.

Mie na Mwanahawa tulikuwa tukileta maji kwa debe, tunamwagilia magunia kwa kunyata. Siku moja Bwana Karsan alifika, haraka haraka, mwavuli mbele, akatia mguu mmoja ndani. Bi Tatu akasimama, akaziba mlango kwa mwili wake wote, na Mungu alikuwa kampa mwili. "Bwana Karsan, samahani. Ndani humo pana mwenye eda."

Yule bwana akatazama magunia yaliyolala safu, yametulia, yanatiririka maji. Alikuwa kazaliwa hapa hapa, akajua neno hilo. Akaurudisha mguu wake taratibu, akaondoka bila kupiga hata mwavuli chini.

Asubuhi ya mzigo tulifunua. Fundi Masanja alikuja kama msimamizi wa shughuli, kavaa koti. Tukaiosha sakafu kama anavyooshwa mwanamke anayetoka eda, kwa maji safi, tukaikausha kwa matambara. Viraka vilikuwa na rangi ya mawingu ya mvua, vyeusi kidogo kuliko sakafu ya zamani. Fundi akapiga magoti, akagonga kwa kifundo cha kidole. Ngo. Pengine, ngo. Akasogea ukutani. Nje mkokoteni wa kwanza ulikuwa umejaa magunia ya mbata mpaka mchukuzi mwenyewe, Ndaro bin Kibwana, alionekana kofia tu. Bwana Karsan alisimama kando, mwavuli kaukumbatia. Gurudumu la chuma likapanda kizingiti, likashuka, likanguruma kuja katikati, likafika kwenye kiraka kikubwa, na mie nikafumba macho. Nikasikia mngurumo ule ule, haukubadilika, ukapita, ukaenda zake mpaka mwisho wa ghala.

Nilipofumbua, Bi Tatu alikuwa anamtazama Fundi Masanja. "Sasa?" akauliza.

"Sasa, bibi."

Na lile jimama likafungua kinywa kilichofungwa siku zote zile: "Nyumba ya bwana ina nini?" Ghala lilitetemeka. "Ina tundu!" tukaitika, wachukuzi nao, Bwana Karsan naye midomo inamtembea. "Tundu kaliziba nani?" Na kabla yetu, kutoka ukutani, sauti nzito ya Tabora: "Nimeziba mie!"

"Wewe uliziba ikang'oka!" akapiga kelele Mwanahawa, na hapo wimbo ukafia kwenye kicheko.

Tangu hapo hatukufagia tu. Kila tulipoingia na fagio tuliingia na mwiko na gunia. Zahanati ilikuwa na ngazi iliyokatika mdomo, tukaiziba. Msikitini pale watu wanapotawadha palikuwa na ufa uliokuwa ukila maji, tukauziba. Kinondoni kuna baraza naweza kukupeleka hata leo kama hawajaibomoa kujenga ghorofa. Muuza mafuta ya taa alipata jibu lake, na jibu lilikuwa hapana. Bi Tatu hakurudi Bagamoyo ila kutembea. Mie nguruwe sijawaona tena mpaka leo, na sina haja nao.

Baada ya arobaini ya Mwanahawa nilirudi Manzese. Nikamwambia Sikudhani aniletee simenti kidogo, mchanga, na gunia. Akasema bibi, tutamwita fundi. Nikamwambia fundi kafika. Magoti yangu hayapigiki tena, nikakaa kigodani nikaelekeza, na yule Petro aliyelala mlangoni ndiye aliyefungua ufa wa kizingitini, akauosha, akapaka, akajaza, huku ananiambia kuwa ndiyo maana Wazaramo hawaendelei, kibibi kizima kinamtumikisha mtani wake. Alipopitisha mwiko mara ya mwisho nikamwambia inua mkono, akauinua. Tukafunika. Nililala humo humo nyumbani, namwagilia asubuhi na jioni, nawafukuza watoto wapitie mlango wa uani.

Jana tumefunua. Petro kagonga, ngo. Nikakaa pale na kiganja changu juu yake, imetulia, ya baridi. Chumba kilikuwa kimya, kitanda cha Mwanahawa kimekunjwa godoro. Nikaona si haki. Nikaimba, kwa hiki kisauti kilichobaki: nyumba ya bwana ina nini? Petro akatoa macho. Nikajiitikia mwenyewe, ina tundu. Tundu kaliziba nani? Na nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini, mazoea tu, nilikuwa nangoja sauti ile ya kuvuka mto.

"Nimeziba mie!" akaitika Sikudhani kutoka jikoni, mwiko wa ugali mkononi, kwa sauti ya bibi yake ile ile, wala hakuwa kabeba hata kopo moja la maji.

"Mwongo mkubwa!" tukampigia kelele mie na Petro kwa pamoja, na mtoto mdogo akapita mbio juu ya kizingiti, kwenda kuona kunachekwa nini.